UZI: Mapitio ya kimfumo ya machapisho kwenye vihatarishi na ubunifu. Andika swali na vigezo kabla hujajua jibu

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za majukumu. Uzi huu ni kwa wale mnaofanya kazi idara za vihatarishi, ukaguzi wa ndani, mipango, au utafiti na maendeleo ya bidhaa. Ni mrefu, vumilieni.

Kuna maneno mawili yanapita sana kwenye vikao: "tafiti zinaonyesha". Mtu anataka mfumo mpya ununuliwe, tafiti zinaonyesha. Mwingine anataka kihatarishi fulani kishushwe daraja kwenye rejista, naye tafiti zinaonyesha. Ukimuuliza zipi, anakutolea makala mbili tatu, na mara nyingi ni za kweli kabisa. Tatizo liko kwa zile ambazo hakuzitafuta, au alizikuta akaziruka kwa kuwa hazikumfaa. Na kikao kizima hakina namna ya kujua.

Mapitio ya kimfumo ya machapisho yalibuniwa kuziba tundu hilo. Unaandika swali. Unaandika utatafuta kwenye kanzidata zipi na kwa maneno gani. Unaandika utafiti wa aina gani utaingia, upi utaenguliwa na kwa sababu gani. Baada ya hapo ndipo unaanza kutafuta. Kila unachokipata kinapita kwenye vigezo vilevile, kinapimwa ubora, kinajumlishwa na vingine, na unaacha kumbukumbu ambayo mtu mwingine akiifuata atafika ulikofika wewe.

Njia hii ilikulia kwenye tiba. Daktari wa Uingereza Archie Cochrane alilalamika mwaka 1979 kwamba taaluma yake haikuwa imejiwekea muhtasari wa majaribio nasibu yote (yale ambayo washiriki hupangwa kwenye makundi kwa bahati nasibu), uliopangwa kwa fani na kuhuishwa mara kwa mara. Mwaka 1993 ukaanzishwa mtandao wa kimataifa unaobeba jina lake. Kwenye menejimenti, makala iliyofungua mlango ni ya Tranfield, Denyer na Smart, 2003, kwenye British Journal of Management. Waliona kwamba mapitio mengi ya fani hii yalikuwa simulizi tu: mwandishi anachagua anachokijua na kukipenda, kisha anakipanga vizuri.

Sasa nije kwenye mfano ambao nadhani kila mtu wa vihatarishi anapaswa kuujua.

Dawa ya maumivu ya viungo rofecoxib, kwa jina la sokoni Vioxx, iliidhinishwa Marekani mwaka 1999. Novemba 2000 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa lililoilinganisha na naproxen, dawa ya siku nyingi. Waliotumia rofecoxib walipata mshtuko wa moyo mara nyingi zaidi. Kampuni, Merck, ilieleza kwamba huenda tofauti hiyo ilitokana na naproxen kuukinga moyo, wala si rofecoxib kuudhuru. Kwa jaribio lile moja, maelezo hayo yaliwezekana. Dawa ikaendelea kuuzwa hadi 30 Septemba 2004, kampuni ilipoiondoa yenyewe.

Mwishoni mwa mwaka huo Peter Jüni na wenzake walichapisha kwenye jarida la Lancet uchambuzi uliojumlisha majaribio nasibu 18 na tafiti za uangalizi 11 (zile zinazofuatilia watumiaji wa dawa bila kuwapangia makundi), wakayapanga majaribio kwa mpangilio wa miaka ili waone jibu lilianza kujitokeza lini. Hadi mwisho wa 2000 kulikuwa na wagonjwa 20,742 na mishtuko ya moyo 52, na hatari kwa waliotumia rofecoxib ilikuwa zaidi ya mara mbili. Hata hoja ya naproxen waliipima: kinga yake, kama ipo, ilikuwa ndogo mno kuibeba tofauti ile. Kampuni ilipinga hitimisho hilo. Mwaka 2007 ilikubali kulipa dola bilioni 4.85 kumaliza maelfu ya kesi, bila kukiri kosa.

Tazameni kilichotokea pale. Hapakuwa na siri ya maabara iliyohitaji kufichuliwa ndipo swali lijibiwe. Palihitajika mtu mwenye mamlaka ya kukusanya kila jaribio, ikiwemo yale yasiyopendeza, kuyajumlisha, na kurudia zoezi kila jaribio jipya linapotoka.

Msimamo wangu ni huu. Faida kubwa ya mapitio ya kimfumo ndani ya kampuni haitokani na wingi wa makala yatakayosomwa. Inatokana na ile karatasi inayoandikwa mwanzo, itifaki, inayosema swali, vigezo na uamuzi utakaofuata, ikasainiwa na mwenye uamuzi kabla hajajua jibu. Ikikosekana, hata usome makala 400, mkuu wa idara atakuja mwishoni kusema zile 30 zisizompendeza "hazihusu mazingira yetu", na hutakuwa na pa kushika.

Karibuni tujadili.

#2 Meneja mradi

Mkuu, uzi mzuri, ila tusemezane ukweli. Borah na wenzake walipima mwaka 2017 mapitio 195 ya tiba yaliyosajiliwa, wakakuta wastani ni wiki 67 tangu kusajiliwa hadi kuchapishwa, kwa timu ya watu 5 hivi. Mimi nikipewa wiki 6 nashukuru. Mshindani hakusubiri.

La pili, tafiti za menejimenti zenyewe nyingi ni dhaifu. Unakuta dodoso moja, mameneja wanajieleza wenyewe jinsi kampuni zao zinavyofanya vizuri, kisha unaambiwa kitu A kinaleta kitu B. Ukijumlisha dhaifu 50 unapata nini?

#3 Mwanzisha uzi

Hoja zote mbili ni nzito, nianze na muda.

Wiki 67 ni za kazi inayokwenda kuchapishwa na kusomwa na dunia nzima. Kampuni inahitaji jibu la swali lake tu, na kwa hilo kuna mapitio ya haraka, njia inayotambulika kabisa. Unaweza kupunguza idadi ya kanzidata, lugha, miaka ya nyuma, na msomaji wa pili akapitia sampuli ya ikisiri badala ya zote. Vyote hivyo vinapunguzika mradi uviandike wazi kwenye ripoti. Kuna vitu vinne ambavyo ukivigusa kazi imekufa: swali lililoandikwa mapema, vigezo, orodha ya vilivyoenguliwa na sababu zake, na upimaji wa ubora. Mtu akikwambia amefanya mapitio ya haraka na hana orodha ya alivyoviengua, huyo amesoma makala tu.

Halafu, mkuu, muda mwingi unaliwa na swali bovu. "Athari za teknolojia za kidijitali kwa kampuni" haliwezi kujibiwa hata kwa miaka 3. Denyer, Tranfield na van Aken walipendekeza mwaka 2008 swali libebe sehemu nne: muktadha, hatua inayochukuliwa, namna hatua hiyo inavyofanya kazi, na matokeo. Ukilazimika kujaza zote nne, swali linajibana lenyewe. Mimi hupenda kuongeza ya tano: tunalinganisha na nini? Maana kwenye kampuni mbadala huwa upo siku zote, hata kama ni kuacha mambo yalivyo.

Kuhusu udhaifu wa tafiti, ndiyo, zipo dhaifu nyingi, na kuzijumlisha hakuzigeuzi kuwa imara. Lakini kujua kwamba ushahidi ni dhaifu ni jibu lenye thamani kubwa. Watu wa tiba wana mfumo unaoitwa GRADE, wenye ngazi 4 za uhakika: juu, wastani, chini na chini sana. Ukiileta ngazi hiyo mezani, mjadala unabadilika. Ushahidi wa ngazi ya chini sana unakwambia usitie saini mkataba wa miaka 5, anza na jaribio dogo lenye kundi linganishi. Bila kupima ubora, ushahidi dhaifu unaingia kikaoni ukiwa umevaa nguo za ushahidi imara.

Na si kila eneo ni dhaifu. Chukua ununuzi wa kampuni nyingine. King na wenzake mwaka 2004 walijumlisha tafiti 93, wakakuta kwamba kwa wastani kampuni inayonunua haivuni faida ya ziada kwa wanahisa wake baada ya siku ya kutangaza. Hilo halisemi usinunue. Linasema mzigo wa kuthibitisha uko kwa anayetaka kununua. Bodi ngapi zinaanza mjadala wa ununuzi kutokea hapo?

#4 Mhandisi wa bidhaa

Upande wa vihatarishi nimeelewa, kule unatafuta yaliyokwisha kutokea. Ubunifu je? Kitu kikiwa kipya kweli, machapisho yake yatoke wapi? Na kama yapo, basi si kipya. Naona kama mnataka kutufunga gavana.

#5 Mwanzisha uzi

Mhandisi, swali hili ndilo nililokuwa nalisubiri, nitalijibu kwa kirefu.

Bidhaa inaweza kuwa mpya, lakini imesimama juu ya dhana nyingi za zamani. Ukisema "tutatengeneza kifaa kinachomkumbusha mgonjwa kumeza dawa", ndani yake kuna dhana kwamba watu husahau (au labda hawasahau, wanaacha kwa makusudi kwa sababu ya madhara ya dawa), kwamba ukumbusho hubadili tabia, kwamba mabadiliko hayo hudumu, kwamba mlipaji atajali. Kifaa chako hakina machapisho. Dhana zake nne zina machapisho tele. Kazi yako ni kuchagua ile ambayo ikianguka mradi wote unaanguka, ukaifanyia mapitio hiyo kwanza. Zingine zisubiri.

Pia kuna gharama ya kugundua kilichokwisha kugunduliwa. Mwaka 1992 Joseph Lau na wenzake walipanga kwa miaka majaribio 33 ya streptokinase, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa mwenye mshtuko wa moyo, yaliyofanyika kati ya 1959 na 1988. Kufikia 1973, baada ya majaribio 8 yenye wagonjwa 2,432, ilikuwa tayari imeonekana kitakwimu kwamba dawa inapunguza vifo. Majaribio 25 yaliyofuata, yenye wagonjwa 34,542, hayakuligeuza jibu. Fikiria bajeti yake. Na fikiria wale waliopangwa kundi lisilopata dawa. Idara za ubunifu zinazorudia majaribio bila kujumlisha yaliyotangulia zinafanya jambo hilohilo, tofauti ni kwamba huku hakuna anayehesabu.

Upande unaonivutia zaidi ni kwamba mapitio yenyewe yanaweza kuzaa wazo jipya. Don Swanson alikuwa mtaalamu wa taarifa Chuo Kikuu cha Chicago, si daktari. Mwaka 1986 alisoma makundi mawili ya machapisho yasiyorejeana. Kundi moja lilieleza kwamba mafuta ya samaki hupunguza uzito wa damu na kushikamana kwa chembe sahani, zile chembe zinazosaidia damu kuganda. Kundi la pili lilieleza kwamba wagonjwa wa Raynaud, wale ambao vidole vyao hukosa damu kwenye baridi, wana damu nzito na chembe sahani zinazoshikamana. Hakuna aliyekuwa ameyaunganisha. Swanson akaandika kwamba mafuta ya samaki huenda yakawasaidia wagonjwa hawa, na jaribio la kitabibu baadaye liliunga mkono wazo hilo. Nusu mbili za jibu zilikuwa zimekaa maktaba moja, rafu tofauti. Ukifanya mapitio yako vizuri, ukapanga matokeo kwenye jedwali la hatua kwa matokeo, vyumba vitupu vya jedwali hilo ndivyo eneo lako la ubunifu. Hakuna gavana hapo.

Mapitio yanahusu pia namna tunavyoendesha ubunifu wenyewe. Kile kikao cha watu kukaa pamoja na kumwaga mawazo kilitangazwa na mtaalamu wa matangazo Alex Osborn, aliyedai kundi linazalisha mawazo mengi kuliko watu wakiwa mmoja mmoja. Mwaka 1958 Taylor, Berry na Block kule Yale walilijaribu dai hilo: watu 4 waliofanya kazi kila mtu peke yake, mawazo yao yakaunganishwa baadaye, waliwazidi watu 4 waliokaa pamoja. Diehl na Stroebe mwaka 1987 walionyesha chanzo kikuu: mtu mmoja akizungumza, wengine wanasubiri, na wakisubiri mawazo yanapotea. Mwaka 1991 Mullen, Johnson na Salas walijumlisha tafiti zilizokuwapo, na hasara ya kukaa pamoja ikathibitika. Ni matokeo ya miaka mingi, yanayorudiwa, na bado kampuni zinakodi ukumbi kwa ajili ya zoezi lilelile. Waandike peke yao kwanza, ndipo wakutane kuchambua. Hilo halina gharama yoyote.

Nimalizie na swali kubwa la fani, je, ubunifu hulipa? Rosenbusch, Brinckmann na Bausch mwaka 2011 walijumlisha tafiti 42 zenye kampuni ndogo na za kati 21,270. Jibu lilikuwa ndiyo kwa ujumla, ila inategemea umri wa kampuni, aina ya ubunifu na utamaduni wa mahali. Ukisoma tafiti mojamoja huwezi kuiona hiyo "inategemea". Utakutana na moja inasema ndiyo na nyingine inasema hapana, utachagua unayoipenda.

#6 Mkutubi

Naomba kuongezea upande wa kutafuta, kwa sababu hapa ndipo kazi nyingi za kampuni zinapoharibika na hakuna anayeona.

Kitu kimoja kina majina mengi. Anayetafuta "usimamizi wa vihatarishi" tu atakosa waandishi wa uhandisi wanaosema usalama wa mifumo, wa fedha wanaosema kuyumba kwa mapato, wa mashirika wanaosema ustahimilivu. Kabla ya kutafuta, kusanyeni makala kama 10 ambazo mna hakika lazima ziwemo. Andikeni maneno ya utafutaji, yaendesheni, mwone ni ngapi kati ya hizo 10 zimejitokeza. Zikijitokeza 6, maneno yenu yana tundu. Rekebisheni, rudieni. Ni jaribio rahisi, linachukua alasiri moja, na sijui kwa nini halifanywi.

La pili, msitegemee mtambo mmoja. Scopus na Web of Science zina majarida yaliyochujwa, Google Scholar ina wingi lakini matokeo yake ni magumu kuyarudia kwa usahihi. Kwa maswali ya ubunifu ongezeni hataza, yaani nyaraka za haki za uvumbuzi: kanzidata za Espacenet na PATENTSCOPE ziko wazi bila malipo, na maarifa mengi ya kiufundi yamo humo bila kuandikwa jaridani.

La tatu, fuateni marejeo mbele na nyuma. Chukua makala nzuri, angalia imewarejea nani, kisha angalia nani wameirejea yenyewe. Claes Wohlin aliandika utaratibu wa kazi hiyo mwaka 2014 kwa watu wa uhandisi wa programu, na unafanya kazi kwenye fani yoyote. Tena ndiyo njia inayookoa pale majina yanapotofautiana.

Na wekeni ule mchoro wa mtiririko wa PRISMA, mwongozo wa kuripoti mapitio ya kimfumo: zilipatikana ngapi, zilizojirudia ngapi, zilizoenguliwa kwa ikisiri ngapi, zilizosomwa nzima ngapi, zilizobaki ngapi. Toleo la sasa ni la 2020, lina orodha ya vipengele 27. Kampuni haihitaji vyote 27, lakini mchoro huo mmoja unamwezesha mjumbe wa bodi kuuliza swali la maana bila kuwa mtafiti.

#7 Mkaguzi wa ndani

Mkutubi umenena. Nami niongeze la kwetu.

Yaliyochapishwa si yote yaliyofanyika. Turner na wenzake mwaka 2008 walifuatilia tafiti 74 za dawa za sonona zilizosajiliwa kwa mdhibiti wa Marekani, FDA. Ukiangalia zilizochapishwa tu, asilimia 94 zilionekana kuwa na matokeo mazuri. Kwa hesabu za mdhibiti mwenyewe, ilikuwa asilimia 51. Tofauti hiyo imetokana na zilizobaki kabatini na zilizoandikwa upya zikapendeza.

Sasa angalieni kampuni yenu. Miradi iliyofanikiwa ina ripoti, ina picha, ina tuzo. Iliyokufa ina barua pepe mbili na folda ambayo aliyeifungua alishahama. Mtu wa vihatarishi akitafuta ushahidi wa ndani, anaukuta upande mmoja tu. Napendekeza kila jaribio la ubunifu lisajiliwe ndani ya kampuni siku linapoanza, likiwa na swali na kipimo chake, ili likifa liwe na kaburi linalojulikana. Hiyo rejista itakuwa chanzo cha lazima kwenye kila mapitio yenu.

Kuhusu viwango: ISO 31000 ya 2018, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa vihatarishi, ina kanuni 8, na moja inataka maamuzi ya vihatarishi yatokane na taarifa bora zilizopo, huku mipaka na mashaka ya taarifa hizo yakizingatiwa waziwazi. Nikikagua rejista ya vihatarishi, naona safu ya uwezekano, ya athari, ya mmiliki. Safu inayosema alama hii imetoka kwenye ushahidi gani na wa nguvu kiasi gani, sijaikuta mara nyingi. Iongezwe. Kihatarishi chenye alama ya wastani kilichokadiriwa kwa hisia za watu 4 si sawa na chenye alama ileile kilichotokana na mapitio, ingawa kwenye jedwali vina rangi moja.

Na hilo jedwali la rangi lenyewe lina machapisho yake. Tony Cox alionyesha mwaka 2008, kwa hesabu, kwamba jedwali la uwezekano kwa athari linaweza kukipa kihatarishi kidogo alama kubwa kuliko kikubwa. Chombo kinachotumika kila robo mwaka kupanga fedha, wangapi wamewahi kukifanyia mapitio?

#8 Meneja mradi

Hili la safu nalichukua. Swali la mwisho kwangu: mitambo ya akili mnemba si inamaliza kazi hii kwa dakika 10? Unaipa swali, inakupa muhtasari na marejeo.

#9 Mwanzisha uzi

Mkuu, igawe kazi vipande.

Kuchuja ikisiri 3,000 na kuzipanga kuanzia inayoelekea kuhusika zaidi, mitambo inasaidia kweli, na programu za kuchujia makala zimekuwa na uwezo huo kwa miaka kadhaa. Kupendekeza visawe vya maneno ya kutafuta, inasaidia. Kuchota takwimu kutoka makala nzima, inasaidia ukikagua sampuli kwa macho yako.

Kutoa muhtasari wenye marejeo bila kupita kwenye kanzidata, hapo nakataa. Mwaka 2023 mahakama ya shirikisho New York, kwenye kesi dhidi ya shirika la ndege la Avianca, iliwatoza faini ya dola 5,000 mawakili waliowasilisha hukumu zilizotungwa na mtambo, kesi ambazo hazijawahi kuwepo. Na hata marejeo yakiwa ya kweli, swali la mwanzo linabaki palepale: yamechaguliwa kwa kigezo gani, na nini kimeachwa? Mtambo hauwezi kukupa orodha ya ulivyoviengua na sababu kama hakuna vigezo vilivyoandikwa. Upe mtambo vigezo, upime kwanza kwenye makala 200 zilizokwisha kuchujwa na watu wawili, uone mtambo unapitwa na zipi. Kukosa makala inayohusika ni kosa kubwa kuliko kuingiza isiyohusika, kwa sababu iliyoingia kimakosa utaiona ukiisoma, iliyokosekana hutaiona kamwe.

#10 Mhandisi wa bidhaa

Sawa, nimelainika kwenye lile la dhana. Wekeni basi mfano wa itifaki, watu waone inafananaje.

#11 Mwanzisha uzi

Hii hapa, nimechukua jambo ambalo karibu kila kampuni inalo: barua pepe za ulaghai. Inatosha ukurasa mmoja.

*Uamuzi unaosubiri:* kununua au kutonunua mafunzo ya kila mwaka ya kutambua barua pepe za ulaghai kwa wafanyakazi wote.

*Swali:* kwa wafanyakazi wa ofisini, je, mafunzo hayo yanapunguza idadi ya wanaobofya kiungo cha ulaghai, miezi 6 au zaidi baada ya mafunzo, ukilinganisha na wasiofundishwa?

*Kinachoingia:* utafiti wenye kundi linganishi; kipimo kiwe kubofya au kutoa taarifa kwenye jaribio la kazini. *Kinachoenguliwa:* alama za mtihani pekee, maoni ya washiriki pekee, ripoti ya muuzaji wa mafunzo isiyoeleza mbinu. Ripoti ya muuzaji inayoeleza mbinu inaingia, na chanzo cha fedha kinaandikwa pembeni.

*Wapi:* kanzidata mbili, kufuata marejeo mbele na nyuma, na rejista yetu ya majaribio ya ndani.

*Nani:* wasomaji wawili kwa sampuli ya kwanza ya ikisiri 200. Wakipishana sana, vigezo vinaandikwa upya kabla ya kuendelea, na mabadiliko yanawekewa tarehe.

*Tutafanya nini:* ikiwa athari ipo na inadumu miezi 6, tunanunua. Ikiwa ipo lakini inafifia mapema, fedha zinahamia kwenye vikumbusho vifupi na vizuizi vya kiufundi. Ikiwa uhakika ni wa chini sana, tunafundisha nusu ya idara zilizochaguliwa kwa nasibu, tunapima, tunaamua baada ya hapo.

*Sahihi ya mwenye uamuzi na tarehe,* kabla ya utafutaji wa kwanza.

Kipengele cha "tutafanya nini" ndicho kigumu kupata saini yake. Mwenye uamuzi atakwambia tuone kwanza matokeo. Usianze bila hiyo saini. Kama hakuna jibu lolote linaloweza kumbadilisha, basi uamuzi ulishafanyika, na ni afadhali kuokoa wiki hizo 6 kwa swali jingine.

#12 Mkaguzi wa ndani

Ongeza mstari wa tarehe ya kurudia utafutaji, pamoja na jina la atakayerudia. Bila jina haitarudiwa.

#13 Mwanzisha uzi

Nimeuongeza, asante mkuu: kila baada ya miezi 12, na mapema zaidi ukitoka utafiti mkubwa wenye kundi linganishi. Mwenye swali lake la kazini alilete hapa tulibane pamoja, ila aje pia na uamuzi unaolisubiri.